Kanuni ya Mzee Shigela

Kwa miaka thelathini na mbili hakuna mgonjwa wa kijiji cha Lugasa, wilayani Magu, aliyefika kwa daktari bila kupita kwanza mbele ya Josephat Shigela. Hakuwa daktari, wala nesi. Alikuwa karani wa masjala ya zahanati, mtu wa kuandika majina, na shule aliiacha darasa la nne kwa sababu ng'ombe wa baba yake walihitaji mchungaji. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungia sukari, kwa redio, na kwa kitabu kimoja cha mwili wa binadamu ambacho mganga mmoja alikisahau alipohamishwa. Alikisoma mpaka jalada likaachana na kurasa, naye akalishona upya kwa uzi wa gunia la pamba.

Enzi hizo mtu hakuulizwa namba. Aliingia, akaamkia, Shigela akamtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtu alipotaja baba, mama na kitongoji, karani alikuwa ameshanyanyuka kuelekea kwenye rafu. Madaftari yake yalijaa alama ambazo hakufundishwa na mtu: nukta ya buluu kwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu, msalaba mdogo kwa marehemu, na kwa mapacha upinde wa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa, ukiunganisha mstari wa Kulwa na mstari wa Doto. Shija, anayezaliwa baada yao, hakuwekewa alama. Jina lenyewe lilisema kwamba wawili wametangulia.

Alipostaafu walimpa blanketi na kumpiga picha na diwani. Karani mwingine hakuletwa. Kadi zilitiwa kwenye maboksi, maboksi yakachanganyika, na mgonjwa ambaye kadi yake haikuonekana aliandikiwa nyingine. Baada ya miaka mitano kila mtu alikuwa na kadi tatu, na Lugasa ikawa na watu wengi kwenye karatasi kuliko waliokuwa wanapumua. Shigela alikuwa akipita nje ya dirisha la masjala yake ya zamani, anachungulia, anatema mate, anaendelea na safari.

Ndipo wakaja watu wa chuo.

Walitoka katika chuo kikuu kimoja cha Mwanza, wanafunzi tisa na mwalimu wao, mwanamke wa Kihaya aliyeitwa Kokulinda, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa anafundisha somo la kuandika programu za kompyuta. Alimfuata Shigela nyumbani kwake, akaamkia kwa kupiga goti kidogo kama walivyofundishwa wasichana wa zamani, na hilo pekee ndilo lililomfanya mzee amtolee kigoda.

"Mzee, miaka yote wanafunzi wangu wanaandika programu za kuigiza," alisema. "Duka lisilokuwepo, benki isiyokuwepo. Mtihani ukiisha, zinatupwa. Mwaka huu nimewaingiza kwenye programu ya kweli. Ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, inatumika kwenye zahanati za nchi nyingi zisizo na kitu. Haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuifungua ndani, kuisoma ilivyoandikwa, na kuirekebisha. Marekebisho yakikubaliwa, yanakwenda kwa wote."

"Yaani mtu nisiyemjua anaweza kuandika ndani ya daftari langu?"

"Anaweza kupendekeza, mzee. Wapo wanaokagua."

"Na hao wanaokagua, wanatujua sisi?"

Kokulinda akacheka. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mkewe, Kija, aliyekuwa anachambua dagaa uani, akadakia bila kuinua kichwa: "Mchukueni tu, mwanangu. Hapa nyumbani ameshaniandikisha mimi na kuku wote."

Basi Shigela akarudi masjala. Kwa wiki sita alikaa kwenye benchi kati ya wanafunzi, akiwasomea madaftari na kadi huku wao wakiingiza kwenye kompyuta. Hakuwapenda, au alijiambia hakuwapenda. Walikula wakitembea. Walimwamkia mtu huku macho yakiwa kwenye simu. Hakuna aliyeweza kusoma mwandiko wa kulazwa upande mmoja, mwandiko ambao zamani mwalimu angekuchapa viboko kwa kuukosa. Jioni, kwenye benchi la fundi cherehani, aliwaambia wazee wenzake kwamba dude lile ni kasuku, litarudia upuuzi wowote litakaoambiwa, na siku moja litamtibu mtu mguu badala ya jino. Wazee walicheka, na maneno yakaenea. Kijiji kizima kikajua kwamba mzee Shigela na kompyuta hawaivi chungu kimoja.

Mmoja tu kati ya wale tisa alimgusa moyo, kijana wa Musoma aliyeitwa Obedi, mwaka wa tatu, mwenye maswali. Siku moja Obedi alimwonyesha kadi mbili.

"Babu, huyu Elias Kulola na huyu Masanja Kulola ni watu wawili?"

"Mmoja. Elias ni wa kanisani, Masanja wa nyumbani."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje! Nilimwandika akiwa mgongoni mwa mama yake."

"Mimi sikuwepo, babu. Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Hilo halitanipa shida."

Darasa zima likaangua kicheko, Obedi naye akacheka, na kicheko hicho kikamlegeza mzee. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema polepole kama mtu anayetoa urithi:

"Tazama siku ya kuzaliwa. Tazama baba. Tazama mama. Tazama kitongoji. Hivyo vinne vikikubaliana, huyo ni mtu mmoja. Jina liache. Jina ni nguo tu, watu wa hapa wanabadilisha."

Obedi aliandika kila neno. Siku mbili baadaye akamwita mbele ya kompyuta. Kanuni ile ilikuwa imeshaandikwa katika lugha ya mashine, nayo ilikuwa imepita kwenye kadi elfu nne mia moja na kuziunganisha zilizokuwa za mtu mmoja. Majina yote mawili yalitunzwa, moja kama jina, la pili kama jina jingine. Majibu ya vipimo yalipangwa kwa tarehe, na la karibuni likakaa juu. Kadi zaidi ya elfu mbili zilitoweka. Obedi alikagua ishirini kwa macho yake, zote zilikuwa sawa. Waangalizi wa programu, watu wa mbali wasiojua Magu iko wapi, waliisoma wakaisifia, wakaiingiza. Juu ya kanuni hiyo Obedi alikuwa ameandika kwa Kiswahili, ili kila atakayeifungua duniani aone: Kanuni ya Mzee Shigela.

Mzee aliisoma mara tatu. Alifika nyumbani akamweleza Kija. Wakati wa kula akamweleza tena. Kesho yake asubuhi Kija akamwambia, "Nimeshasikia, ngosha, mume wangu. Na kuku wameshasikia." Lakini kwenye benchi la fundi cherehani aliendelea kuitukana kompyuta kama kawaida, kwa maana mtu hawezi kubadilisha wimbo ghafla mbele ya rika lake.

Wanafunzi wakarudi chuoni. Maboksi ya kadi na madaftari yakasukumwa stoo.

Miezi mitatu ilipita. Jumapili moja kwenye kigango, katekista alisimama baada ya matangazo na kumwita mbele Paskazia, mke wa Luhende mvuvi. Paskazia alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wa miaka sita. Kila mtu aliwajua kwa sababu Doto alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na kilio chake usiku maumivu yalipomshika kilisikika nyumba ya nne. Siku hiyo mama yao alibeba jogoo na kapu la mchele.

"Mama huyu anamshukuru Mungu," katekista akasema. "Mtoto wake Doto amepimwa na hana tena selimundu. Miezi miwili sasa hatumii dawa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Paskazia alikuwa analia kwa furaha, mkono mmoja juu ya kichwa cha Doto. Shigela, kwenye benchi la nyuma, aliinuka vigelegele vikiendelea. Kitabu chake kilichoshonwa kwa uzi wa gunia kilikuwa na ukurasa wa damu, naye alikuwa ameusoma mara nyingi mno: selimundu mtu huzaliwa nayo. Haiondoki.

Alimngoja mlangoni.

"Mama Kulwa, nani kakwambia mtoto amepona?"

"Nesi Winnie. Nilimpeleka Doto kliniki kama kila mwezi, akafungua kompyuta, akaniambia kipimo cha mwisho kinaonyesha hana. Cha mwanzo walikosea. Na jina lake hata halimo tena kwenye orodha ya wa selimundu."

"Kipimo cha mwisho kilichukuliwa lini?"

"Mimi najua tarehe, mzee? Yameandikwa."

Shigela hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa mlinzi wa zahanati, akaomba ufunguo wa stoo. Mchwa walikuwa wameshaanza kula madaftari ya chini. Lile alilolitaka lilikuwa la mwaka wake wa mwisho kazini, na alilifungua palepale akiwa amepiga magoti. Kulwa Luhende. Doto Luhende. Siku moja, baba mmoja, mama mmoja, kitongoji kimoja. Na pembeni, ulioanza kufifia, upinde mwekundu.

Aliwakumbuka wanafunzi tisa kwenye benchi, na yeye mwenyewe akifuta miwani. Vinne vikikubaliana, huyo ni mtu mmoja. Jina liache. Mapacha hakuwataja. Nani angewataja? Hakuna mtu katika nchi hii asiyejua Kulwa na Doto ni akina nani. Zamani mapacha wakizaliwa ngoma ililia mpaka vijiji vya jirani, na aliyekuwa hajasikia alikuwa kiziwi. Ni jambo ambalo halikuhitaji kusemwa, kama vile mtu hasemi kwamba ziwa lina maji. Kila mtu alilijua, na kwa hiyo mashine haikuambiwa na mtu.

Doto alipimwa akiwa na miezi minane. Kulwa alipimwa mwaka mmoja baadaye, kwa sababu mama yao alitaka kuwa na hakika. Mashine iliwafanya mtoto mmoja, jina Kulwa, jina jingine Doto, na jibu la Kulwa likakaa juu ya jibu la Doto.

Jioni ileile alikwenda nyumbani kwa Paskazia na daftari kwapani. Alimweleza yote, akamwonyesha upinde. Mapacha walikuwa wanachora mistari ya kurukia uani. Paskazia alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kufungika.

"Mzee, shikamoo yako nimekupa," akasema. "Lakini tangu siku ya kwanza wewe kompyuta unaichukia. Unaiita kasuku. Leo imesema mwanangu amepona, ndiyo unakuja na daftari lililoliwa na mchwa?"

"Sikuja kwa chuki, mama."

"Umekuja kwa nini, basi? Nimesimama kanisani. Nimetoa jogoo. Unataka nikasimame tena nimwambie Mungu arudishe?"

"Mrudishie mtoto vidonge vyake. Hayo ya Mungu, Mungu mwenyewe ataelewa."

"Nenda nyumbani, mzee wangu. Bi Kija atakuwa anakutafuta."

Jumatatu alimfuata nesi Winnie. Winnie alikuwa msichana mpole, mgeni wa Lugasa, ameletwa akiwa peke yake afanye kazi za watu wanne. Alilitazama daftari, akaitazama kompyuta, akalitazama tena daftari.

"Babu, mimi siwezi kumwandikia dawa mtoto ambaye kwenye mfumo hana ugonjwa. Nikiulizwa nitajibu nini? Kwamba nimeona mstari wa wino?"

"Ni upinde."

"Haya, upinde. Mlete mama yake tumpime upya. Akikubali, nitatuma damu Magu."

Lakini mama yake, alipotumiwa ujumbe na Winnie, hakukubali.

Hapo ndipo Shigela alipofanya kosa lake la pili, nalo ndilo lililomla kuliko la kwanza. Alikasirika. Alijiambia kwamba alikuwa ameandika watu wa Lugasa miaka thelathini na mbili, baba zao na mama zao, na leo neno lake halina thamani ya kioo kinachowaka mwanga. Basi waache. Watakuja wenyewe. Watamfuata kwa magoti. Alikaa nyumbani Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akinoa jembe lisilohitaji kunolewa. Hakwenda hata kwa fundi cherehani.

Ijumaa asubuhi Kija alimwekea uji, akakaa mbele yake.

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Unangoja mtoto augue ili uonekane ulikuwa na haki."

Shigela akauacha uji. Alichukua daftari, akavaa koti alilovaa siku ya kustaafu, akaondoka kwenda Mwanza.

Chuoni alimkuta Kokulinda katikati ya kipindi. Ukutani kulikuwa na mwanga wa projekta na mistari ya maandishi asiyoyajua, isipokuwa mstari mmoja, uliokuwa kwa Kiswahili: jina lake. Kokulinda alikuwa anawaonyesha wanafunzi wapya kazi ya wale wa mhula uliopita, mfano wa jinsi mtu wa kijijini anavyoweza kuifundisha programu ya dunia. Alipomwona mlangoni uso wake uling'aa.

"Karibu, mzee! Ndiye huyu mwenyewe. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Shigela alisimama makofi yakimwagika juu yake kama maji machafu, mpaka yalipoisha.

"Obedi yuko wapi?" akauliza.

Obedi alikaa dawati la nyuma, akimsaidia mwalimu. Mzee alilifungua daftari mbele yake, akaweka kidole juu ya upinde. Kijana alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akafuata wino mwekundu kutoka huku kwenda kule, kisha akasukuma kiti nyuma.

"Mapacha," Obedi akasema. "Babu, mapacha! Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo haikumfaa mtu.

Kokulinda hakutafuta maneno ya kujitetea, na kwa hilo Shigela alimheshimu mpaka mwisho. Alivunja kipindi. Alimkalisha Obedi atafute kadi zote zilizounganishwa ambazo vipimo vyake vinapingana, na kabla ya saa saba walikuwa wamepata jozi kumi na moja za mapacha wa Lugasa waliogeuzwa mtu mmoja mmoja. Pacha mmoja alikuwa amenyimwa chanjo kwa kuwa mwenzake ameshachanjwa. Kokulinda aliwaandikia waangalizi wa programu kule mbali kwamba kanuni hiyo izimwe mara moja, kwa sababu kwa wakati huo zahanati za nchi nyingine nne zilikuwa zimeshaipokea. Kisha akampigia nesi Winnie. Simu iliita muda mrefu.

Winnie alipopokea, alikuwa analia. Doto alikuwa ameanguka asubuhi hiyo, mzee akiwa ameshaondoka, akichota maji ziwani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa. Luhende alikuwa amekodi gari la mchanga, wako njiani kumleta hospitali ya Mwanza.

Shigela na Kokulinda wakaenda hospitali na daftari lao, wakawakuta kwenye korido. Paskazia alikuwa amekaa sakafuni. Aliliona daftari kabla ya kumwona mtu.

"Ulikuja Jumapili," akasema.

"Nilikuja."

"Jumatatu hukuja."

Shigela alilificha daftari ndani ya koti.

Doto hakufa. Watu wa Lugasa walisema ashukuriwe Mungu, lakini safari hii hakuna aliyebeba jogoo. Alirudi nyumbani baada ya wiki saba, mkono wa kulia umekunjamana kifuani, mdomo umekwenda upande, na ulimi hautoi neno. Dawa zake alirudishiwa siku ileile aliyolazwa, baada ya Obedi kumtoa ndani ya dada yake na kumpa faili lake mwenyewe.

Kanuni ilirekebishwa. Sasa mashine, kabla ya kuunganisha, huuliza kama mtu ana pacha, na huonyesha alama ndogo nyekundu iliyopinda. Obedi ndiye aliyeichora. Walitaka kuliondoa jina la mzee pale juu, kwa heshima yake. Shigela alikataa.

"Liacheni. Aliyekosea ajulikane."

Kokulinda anaendelea kufundisha somo lile. Husema kwamba kazi ya kuigiza haiumizi mtu, na ndiyo maana haifundishi. Pengine ni kweli. Lakini Doto hakuwa amejiandikisha kwenye somo la mtu.

Kila Alhamisi ya kliniki ya selimundu mzee hukaa kwenye benchi la nje ya zahanati. Hakuna aliyemwita, na Paskazia akipita humwamkia kwa sauti ya kumwamkia mgeni. Mapacha huja pamoja siku zote, Kulwa akimshika mwenzake ule mkono mzima. Nesi Winnie husoma majina kutoka kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, na mwenye pacha huitwa na pacha wake, mzima au mgonjwa, kama inavyotakiwa sasa.

"Kulwa Luhende."

"Nipo."

"Doto Luhende."

Doto hufungua mdomo. Watu benchini hutazama chini. Winnie hungoja kidogo, kila mara hungoja, na kila mara ni Kulwa anayeitika.

"Nipo."

Winnie hubonyeza mara mbili. Shigela huinuka, hukung'uta koti lake, na huondoka kabla mtoto hajageuka kumtazama.